Mashua Kwenye Mteremko wa Sekenke

Walipoanza kuteremka Sekenke, Abdulmajidi alihisi mashua iliyokuwa juu ya tela ikimsukuma kutoka nyuma. Gari lake dogo aina ya jipu halikuwa likiivuta tena.

Pembeni yake alikaa fundi mzee aliyeiunda mashua hiyo kwa miezi minane. Asubuhi, kule Singida mjini, mzee alimwambia, "Mwanangu, ivute tupu." Abdulmajidi akaijaza magunia ya vitunguu hata hivyo. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, aliyekwenda ziwani Kitangiri bila mzigo alionekana mjinga.

Akakanyaga breki. Ikazama mpaka chini.

"Lipeleke upande wa mlima," mzee alisema taratibu.

Akakata usukani. Gari likasaga ukuta wa mlima, likasimama. Nyuma yao tela lilipinduka, mbao za mashua zikapasuka kwa mlio mrefu.

Vumbi lilipotulia wakashuka; vitunguu vilikuwa bado vinabingirika barabarani.

"Nisamehe, mzee wangu."

Mzee hakumtazama. Aliinama, akaokota kitunguu, akakifuta vumbi kwa shati lake, akamwekea kiganjani.

"Hiki kizima," alisema. "Okota na vingine."