Pingili ya Shingo

Mkuu wa mji alimfuata Mwanaheri maabarani. Binti huyo alikuwa akisomea shahada ya uzamili kwa kuchunguza mifupa iliyofukuliwa kwenye kaburi kuu la kale.

"Andika ni mfalme aliyeanzisha mji, binti. Sanamu yake tumeshaichonga."

"Nyonga hii ni ya mwanamke, mheshimiwa. Na shingo imelika kwa kubeba mizigo kichwani tangu utotoni."

"Yaani sisi ni kizazi cha mchukuzi? Ukiandika hivyo, shahada utaisikia kwa wenzako."

Mwanaheri aliandika: *Mwanamke, mbeba mizigo.* Kisha akachukua pingili moja ya shingo, akamnyooshea mkuu wa mji ikiwa kiganjani.

"Basi mshike, umwambie mwenyewe kwamba alikuwa mfalme."

Mkuu wa mji akaificha mikono yake nyuma.