Mistari ya Zinki

Bamba la zinki lilikuwa moja tu. Tangu Uhuru hayakufika mengine. Na sanduku la maiti lisilozibwa kwa zinki, treni hailipokei.

"Papa, fanya mbio," mkwe wa Barnabé alisema. "Kule Kongolo wanamungoja muke wangu."

Barnabé alipitisha kidole gumba juu ya mistari ya bamba, myembamba kama nywele. Ukikunja kwa kuikatisha mistari, zinki hutii. Ukikunja kwa kuifuata, hupasuka. Macho yaliiona; kidole hakikuhisi kitu. Hakuwa amehisi kitu tangu alipomfumba macho binti yake.

Mlangoni kilionekana kilima alikozikwa mkewe, mama wa binti huyo.

Akaligeuza bamba, mistari ikalala sambamba na ukingo wa meza, pale atakapokunjia.

"Papa, si ulilipanga kwa upande ule?"

"Fundi njo mimi," alisema, akainua nyundo.