Mapigo Mia Sita ya Nguchiro

Alfajiri moja ya zamani, Nguchiro aliingia mtumbwini kwenda kuvua, akiwa amekwisha kupima nguvu zake: mikono yake iliweza kupiga kafi mara mia sita, wala si zaidi.

"Mia tatu za kwenda, mia tatu za kurudi," alimwambia Kaa, abiria wake.

"Sahibu, mbona povu nalo linakwenda tuendako?" aliuliza Kaa, ambaye hakuchoka kuuliza.

"Povu halipigi kafi. Usinipotezee hesabu!"

Walivua changu wawili, wakageuza. Pigo la mia tatu la kurudi lilipotimia, mikono ya Nguchiro ilikuwa imekufa ganzi, na ufuo ulikuwa bado mbali, kwa kadirio lake mapigo mia tatu mengine. Mtumbwi ukaanza kuvutwa kuelekea bahari kuu.

"Tumekwisha, Kaa!"

"Tia nanga kwanza. Maji yanakupwa, tungoje yageuke."

Wakangoja, mikono ikapumzika. Maji yalipoanza kujaa, Nguchiro alifika ufuoni kwa mapigo mia moja na kumi tu. Alisimama mchangani akikunja vidole kwa mshangao.

"Yale mia na tisini yaliyobaki, kapiga nani?"

"Yule yule aliyekusaidia kwenda," akajibu Kaa, "nawe ukayahesabu yote kuwa yako."