Kisichotazama Mdomo

Bi Hidaya, jirani yake Zamda, anaapa kuwa katika shule ya ng'ambo ya barabara kishikwambi ndicho kinachofundisha, mwalimu kakaa pembeni anamenya karanga.

"Wewe Zamda, ualimu wote huo unaousomea, kumbe unakwenda kuwasha na kuzima!"

Zamda alicheka naye. Asubuhi akaingia na kishikwambi cha chuo katika darasa la pili, alikopelekwa kujifunza kazi. Akakiweka mbele ya Chausiku, mtoto mwenye kigugumizi, ambaye Zamda alimkalia ubavuni muhula mzima akimbembeleza asome, asipate hata neno moja.

Sauti ya kike ikatoka: "Soma nami."

Chausiku akainuka, akakiinamia. "Shikamoo."

Hakikuitikia. Akaketi, akasoma ukurasa wote, taratibu, bila kukwama.

Watoto walipiga makofi. Zamda naye alipiga, huku moyo ukimnyong'onyea. Mapumzikoni akambakiza Chausiku darasani.

"Mbona mimi hunisomei, mwanangu?"

"Chenyewe ha-hakinitazami mdomo, mwalimu."

Zamda alijua ni kweli. Kila neno lilipokwama, yeye ndiye aliyekuwa akilingoja kwenye midomo ile, akidhani huko ndiko kufundisha. Akakizima kishikwambi, akageuka, akausogelea ubao mpaka akanusa chaki.

"Sikutazami tena. Nisomee na mimi, mstari mmoja tu."

Nje watoto walikuwa wakiruka kamba. Nyuma yake dawati lililia kidogo, kama la mtu anayeinuka aondoke, au anayekaa vizuri.