Dubwana la Mtumba

Lori la kumrudisha Sikudhani nyumbani lilikuwa limeanza kusogea, naye bado yuko dukani kwa Shekue, muuza kompyuta za mtumba. Mtihani wa kazi ulimtaka aendeshe kompyuta nne za kuigizwa ndani ya moja, na hilo linataka memori nyingi. Akichagua vibaya, kazi basi.

"Chukua hii nyembamba, dada, inang'aa kama bibi harusi."

"Memori yake haiongezeki. Lile dubwana la kompyuta pale kona lina nafasi ngapi za memori ndani?"

"Sijui. Ukibandua stika ya kifuniko, umenunua."

Honi ikalia. Sikudhani akabandua, akafungua kifuniko. Nafasi za memori zilikuwa nne, tatu tupu.

"Jaza zote, kaka. Upesi!"

Lori liliondoka, yeye akafuata kesho yake na dubwana lake. Dubwana liliziendesha zote nne, na kazi alipata. Miaka ikapita, Shekue akahama mji. Dubwana liko sebuleni kwa mama yake Sikudhani, limefunikwa kitambaa cha kufuma, bado linavuma.