Ugonjwa wa Mheshimiwa

"Moyo hapana," alisema wakili. "Moyo umetumika sana. Jaji huyu kashaletewa mioyo mitatu mwaka huu, na wenye mioyo yao wote wakaonekana harusini wakicheza."

"Sukari je?"

"Sukari anayo jaji mwenyewe, na kila siku saa mbili kamili yuko kazini. Wewe lalamikia tumbo, Mheshimiwa. Tumbo ni pori, halina mipaka."

Waziri wa zamani alikuwa katikati ya sebule yake, kwenye kiti cha magurudumu kilicholetwa asubuhi ile, akijizoeza kuinama. Mahakama ilikuwa imeamuru akapimwe katika hospitali ya serikali. Akionekana mzima, kesi ingeendelea, na wote wawili walijua mwisho wake ni gerezani. Akionekana mgonjwa, ingeahirishwa mpaka apone, na kupona hakuna anayelazimishwa.

"Na daktari?"

"Hospitali ile nina mtu wangu," wakili alisema, akifunga mkoba.

Waziri hakuuliza tena. Alikuwa ameanza maisha kama karani wa stoo katika idara ya maji, akipokea mabomba na koki. Akawa diwani, akawa mbunge, akawa naibu, mwishowe akawa waziri wa maji hayo hayo. Njiani alijifunza kwamba karatasi husema inachoambiwa. Visima thelathini na viwili vilichimbwa kwa karatasi, vikakaguliwa kwa karatasi, vikazinduliwa kwa karatasi, na wanawake wa vijijini wakaendelea kupita na madumu yao vichwani. Kilichomwangusha ni mkaguzi mmoja asiye na adabu: alikwenda kuvitazama.

Daktari alikuwa mama mfupi, koti limefifia kwa kufuliwa, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Hakumwita Mheshimiwa.

"Mzee, panda kitandani. Huu mkanda umeuongeza matundu lini?"

"Kesi, mama. Kesi inakula mwili."

"Chakula unamaliza?"

"Nani anamaliza chakula na magazeti yale mezani?"

Akambonyeza chini ya mbavu. Waziri akapiga ukelele kama alivyofundishwa, na akajishangaa jinsi ulivyomtoka bila taabu. Yule mama akabonyeza tena palepale, taratibu zaidi.

Alimrudisha mara tatu wiki ile. Alimtoa damu, akampiga picha, akaipiga tena picha ile ile. Waziri alivumilia yote kwa heshima. Madaktari wengine wangeandika tu wakaenda kunywa chai. Huyu alikuwa anajenga nyumba na kuipiga plasta.

Mara ya nne alifunga mlango.

"Mzee, una mtu wa nyumbani nizungumze naye?"

"Zungumza na mimi. Sema kama utakavyosema mahakamani."

Daktari akavua miwani. Akamweleza kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha sambaa hadi kwenye ini. Kisu hakingesaidia tena. Miezi minne, labda mitano.

Waziri akakuna kidevu. "Huwezi kuweka sita? Mitano inakaa kama tuna haraka."

"Mimi siweki, mzee. Nimeandika nilichokiona."

"Hapo hapo! Hata ukiapishwa, usibadilishe neno."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali pa kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kisha akasema atampa dawa za maumivu. Waziri alizipokea kwa mikono miwili na, alipofika nje, akazitia kwenye ndoo ya taka.

Siku ya mahakama ukumbi ulijaa. Waziri aliingia akisukumwa, blanketi magotini, na nyuma kabisa mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wakubwa hawafi, wanaumwa tu!" Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka alisimama na ripoti akiishika kwa ncha za vidole, kana kwamba inanuka.

"Daktari, mshtakiwa au watu wake walikupa chochote?"

"Hapana."

"Hata chai?"

"Chai nilikunywa yangu. Ilipoa kwa sababu yake."

Kicheko tena. Daktari hakucheka. Alisoma vipimo kimoja baada ya kingine, kwa sauti ileile ya mtu anayesoma orodha ya nguo za kufua, na kila alipoulizwa kama ana hakika alijibu kwamba angependa asiwe nayo. Wakili, aliyeketi mbele, aligeuka nyuma na kumnong'oneza waziri, "Mheshimiwa, wewe ni kiboko." Waziri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jaji alifunga faili. Akatamka kwamba kesi imeahirishwa bila tarehe, mshtakiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Machozi yakamtoka waziri, na wapiga picha wakayapata yote.

Garini, vioo vilipopandishwa, alitupa blanketi kando akacheka mpaka akashika ubavu. Wakili alicheka naye. Walipita mbele ya wizara yake ya zamani, na waziri akaipungia mkono kama mtu anayeondoka sokoni na kilo ya bure.

"Haya, niambie, mdogo wangu," alisema, bado ameshika ubavu. "Mama mkavu vile! Ulimlainisha na nini?"

Kicheko cha wakili kilikatika.

"Mimi? Mtu wangu pale alihamishwa wiki ile ile, Mheshimiwa. Nilijua huyo mama umemalizana naye wewe."