Chupa ya Mwalimu Mutahi

Kosa la kwanza ni langu. Mimi ndiye nilisema, tena kwa sauti, tena na chapati mkononi, kwamba Nderitu, soja wa geti ya shule, alikuwa amelewa.

Hakuwa amelewa. Watu watatu walimnusa.

Lakini alilala. Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa kwa stuli yake chini ya dirisha la maabara, mbuzi kumi na mmoja walipita mbele ya magoti yake wakamaliza sukuma wiki yote ya shule. Na cha kushangaza, ndani ya maabara kulikuwa na wasichana arobaini na wawili wa Fomu Tatu, kwa somo la kemia la Mwalimu Mutahi, wameketi wakitazama hiyo shamba. Hakuna hata mmoja aliyeona mbuzi.

"Ni dawa," mwalimu mkuu, Madam Wacera, aliambia kamati ya shule Jumatatu. "Ile klorofomu ya Mwalimu Mutahi. Ilivuja ikalaza darasa, ikatoka dirishani ikalaza soja."

"Ama soja ni mvivu tu," akasema Fowsia, mzazi anayeuza mifugo Nanyuki. "Mimi nimekaa na mbuzi miaka ishirini. Mbuzi haiingiangi mahali kimya. Huyu aende nyumbani!"

Nderitu alikuwa kando ya mlango, kofia mkononi. Hakupewa kiti. Miaka kumi na minane kwa geti moja, na sasa ilikuwa imebaki kupiga kura tu.

"Mama, mimi sijawahi lala kazini," alisema. "Hiyo siku nilisikia tu mwili imeisha."

Mutahi akainuka kumtetea, na kujitetea. Alikuwa amekuja na chupa yenyewe, ile ya kahawia. Alipoiweka mezani, wanakamati wote walivuta viti nyuma.

"Msiogope. Klorofomu hailazi mtu hivi hivi kwa upepo, hiyo ni ya sinema. Lakini ndio muelewe vizuri, wacha tuanze na ukoo wake. Halojenoalkani."

Akageukia ubao wa darasa tulimokutania.

Alieleza vile kaboni hushika klorini, bromini na iodini. Kwamba iodini huachilia upesi kwa sababu imeshikwa kilegevu, na klorini hung'ang'ana. Kwamba ukipasha moto kidogo na silva nitreti na spiriti, ya iodini inageuka manjano saa hiyo hiyo, ya bromini inachukua muda inakuwa rangi ya krimu, na ya klorini inakuwa nyeupe, lakini hiyo sasa lazima ungoje. Akaeleza vile watu hungoja.

Hapo kwa kungoja ndipo kumbukumbu za mkutano zinaishia. Katibu nilikuwa mimi. Yaliyofuata nimeambiwa na Nderitu.

Mutahi alijaza ubao wa kwanza, akajaza wa pili, akageuka. Madam Wacera alikuwa amelaza shavu kwa faili. Mwenyekiti alikuwa amefungua mdomo kama mtu anataka kuchangia, lakini hachangii. Fowsia alikuwa ameegemea bega la pasta, na pasta hakuwa na habari.

"Ngai! Imevuja kweli!"

Mutahi akarukia madirisha, akafungua yote matatu. Akapepea watu na kitambaa cha ubao mpaka wakawa weupe kwa chaki. Hakuna aliyetingishika.

Nderitu akainua chupa, akaigeuza kwa mwangaza.

"Mwalimu, hii bado iko na sili ya duka."

Mutahi akaangalia chupa. Akaangalia ubao. Akaketi.

Nderitu akavaa kofia yake, akasimama mbele ya meza, akakohoa kidogo kwa heshima.

"Waheshimiwa," alisema, polepole sana, "mwenye anataka nifutwe kwa sababu ya kulala kazini, tafadhali ainue mkono."